Haki za Rafiki Aliyetangulia



Siku ya Jumapili, tarehe 4 Desemba 2016, zilikutana katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba timu mbili za vijana wa chini ya miaka 20: Mbao ya Mwanza na Mwadui ya Shinyanga. Sisi tukaao Kharumwa hatukuwa na timu ya kuichukia katika mchezo ule, kwani Nyang'hwale yetu iko katikati, na wengi wetu tuna shangazi Mwanza na mjomba Shinyanga. Kijana mmoja wa Mbao, Ismail Mrisho Khalfan, mwenye umri wa miaka 19, alifunga bao katika kipindi cha kwanza. Muda mfupi baadaye aligongana na mchezaji wa upande wa pili, akaanguka. Alikimbizwa hospitali, na siku ile ile ikatangazwa kwamba amefariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Mji wenyewe wa Bukoba ulikuwa bado una majonzi, kwani haikuwa imetimia miezi mitatu tangu tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba lililobomoa nyumba na kuua watu. Habari za kijana yule zilitufikia huku kwa simu kabla ya jua kuzama. Nakumbuka watoto wa madrasa walikuja darasani kesho yake hawana la kusema ila hilo, na mmoja akaniuliza kama mtu aliyekufa akicheza mpira anaswaliwa. Nikamjibu kwamba anaswaliwa kama Muislamu yeyote, kwani kukimbia kwa miguu si dhambi.

Nimeikumbuka habari hiyo mwezi huu kwa sababu vijana wa mtaa wetu wamenijia na swali. Wamefiwa na mwenzao. Sitamtaja jina, kwani wazazi wake wangali katika huzuni. Alipokuwa sekondari aliikimbilia shule yake katika michezo ya UMISSETA, na alipomaliza kidato cha nne akawa mwendesha pikipiki, kama walivyo vijana wengi wa hapa ambao hawakwenda kushuka katika maduara ya dhahabu. Kila mtu alimpenda. Alikuwa na njumu jozi moja tu, na jozi hiyo ilichezewa na vijana watatu kwa zamu, naye alikuwa wa mwisho kuzivaa. Mwenzake alipougua usiku, yeye ndiye aliyeamshwa, akawasha pikipiki, akampeleka hospitali, wala hakuuliza nani atalipa mafuta. Jioni moja akicheza na wenzake alianguka peke yake, pasipo kuguswa na mtu. Wenzake walimpepea, wakammwagia maji, wakaenda kutafuta gari. Gari lilipopatikana alikuwa amekwisha kata roho.

Vijana hao wanataka kumkumbuka. Wameazimia kuchapisha fulana zenye picha yake, na kufanya mashindano siku ya arobaini, mshindi apewe mbuzi. Wameniuliza: Je, Maalim, yafaa?

Fulana haitamdhuru marehemu, wala haitamfaa. Mchezo wa kirafiki una heri yake ukiwaweka vijana pamoja. Lakini naona wameanza na lile lililo jepesi, na mambo mazito yenye kumhusu rafiki yao bado hayajaguswa na mtu. Hayo ndiyo nitakayoyasema hapa, na baadhi yake yanawahusu hata wale ambao rafiki zao wangali hai, wanakimbia na kucheka.

Katika masahaba wa Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwamo mkimbiaji mmoja hodari sana, jina lake Salama bin al-Akwa'. Habari zake zimepokewa na Imamu Muslim kwa urefu, naye Salama mwenyewe ndiye msimuliaji. Maadui walipoiba ngamia wa Mtume, Salama aliwafuata kwa miguu, peke yake, akiwarushia mishale, hata wakawa wanatupa mizigo yao ili wapate kukimbia. Siku hiyo Mtume aliwasifu watu wawili: katika wapanda farasi alimsifu Abu Qatada, na katika waendao kwa miguu alimsifu Salama. Wakati wa kurudi Madina, Ansari mmoja ambaye hakuwa akishindwa mbio alinadi mara kwa mara, nani atashindana naye mpaka mjini? Salama akamwomba Mtume ruhusa, akashuka katika ngamia. Mwanzoni alijizuia kwa kilima kimoja au viwili ili aibakishe pumzi yake, kisha akaongeza mwendo, akamfikia yule mtu, akampiga kofi la utani katikati ya mabega, akamwambia kwamba amekwisha kumshinda. Akaingia Madina wa kwanza. Vijana wetu wa mbio ndefu wanaijua hila hiyo ya kuibakisha pumzi. Mimi hupenda kuwaambia kwamba haikuanza jana.

Siku chache tu baada ya mbio hizo, kwa masimulizi ya Salama mwenyewe, jeshi lilitoka kwenda Khaybar. Hiyo ilikuwa mwaka wa 7 wa Hijra. Katika safari alikuwamo Amir, ami yake Salama, mtu aliyependwa kwa sauti yake, kwani ndiye aliyekuwa akiimba mashairi ya safari mpaka watu na ngamia wakasahau uchovu. Huko Khaybar Amir alipambana na shujaa wa adui, na upanga wake ukamrudia mwenyewe, ukamkata, akafa kwa jeraha hilo. Papo hapo watu wakaanza kunong'ona. Walisema amejiua, amali zake zimepotea. Salama, yule aliyekuwa amewashinda watu wote mbio, alimwendea Mtume akilia, akamwuliza kama ni kweli amali za Amir zimebatilika. Mtume akauliza ni nani aliyesema hayo, kisha akasema kwamba aliyesema hivyo amesema uongo, na kwamba Amir ana thawabu mara mbili.

Tazameni jambo alilolifanya Salama. Mtu amekufa, hana tena ulimi wa kujitetea, na watu wengine hawaachi kusema. Salama hakukaa kimya kwa kuona haya, wala hakuyapokea maneno yale na kuyapeleka mbele. Aliyachukua akayafikisha kwa mwenye elimu, na jina la mtu wake likasafishwa mbele ya watu.

Huku kwetu jambo hili ni kubwa kuliko mahali pengine, na wasomaji wa Shinyanga na Geita wanaelewa ninalotaka kulisema. Kijana mwenye nguvu akianguka ghafla, haipiti siku mbili utasikia, "Si bure." Wengine watasema alikunywa dawa za kuongeza mbio. Wengine watasema timu pinzani ilikwenda kwa mganga. Kisha litatajwa jina. Na mara nyingi jina hilo ni la bibi kizee fulani akaaye peke yake, mwenye macho mekundu. Wallahi macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, kwa kupikia wana na wajukuu miaka hamsini! Akina mama wangapi wazee wamekatwa mapanga katika nchi hii ya Usukuma kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo msibani, chini ya mwembe, kwa sauti ya chini? Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inaweka kuwa kosa kumtaja mtu kwamba ni mchawi. Watu wengi wa hapa hudhani sheria hiyo inamhusu mchawi peke yake, kumbe inamkamata na yule mwenye kumnyoshea mwenzake kidole.

Basi ninyi mliokuwa rafiki zake, ninyi ndio mnaosikilizwa. Mlikuwapo alipoanguka. Mkisema, "Tulikuwapo, hakuguswa na mtu, hakunywa kitu, alikuwa akicheza akaanguka," maneno ya msibani yatakufa. Mkinyamaza, au mkitikisa vichwa kwa namna ya kujua mambo, mtakuwa mmelitia jina la rafiki yenu katika damu ya mtu asiye na hatia.

Na kwa nini kijana mzima aanguke? Madaktari wametueleza kwamba wako watu wanaozaliwa na moyo ulio na kasoro, nao hawajijui, kwa kuwa kasoro hiyo haiwazuii kukimbia wala kufunga mabao. Tarehe 26 Juni 2003, mchezaji wa Kameruni Marc-Vivien Foé, mwenye miaka 28, alianguka katikati ya uwanja huko Lyon, Ufaransa, timu yake ikicheza na Kolombia, wala hapakuwa na mtu karibu naye. Alifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, nao ni ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Huyo alikuwa mchezaji wa klabu kubwa za Ulaya, aliyezungukwa na matabibu. Itakuwaje kwa mtoto wa sekondari aliyekimbia miaka minne pasipo kupimwa hata mara moja?

Kwa hiyo, wazazi, sikilizeni. Mtoto akizimia wakati wa kukimbia, si baada ya kusimama juani paredini bali katikati ya mbio. Au akilalamika kifua kinamuuma au moyo unamwenda mbio ovyo anapocheza. Au ikiwa katika ukoo wenu yumo aliyekufa ghafla angali kijana, msimpeleke uwanjani kabla hajaonwa na daktari. Msiseme ni uvivu. Na lile la mwisho mlikumbuke zaidi, kwani sisi tuna desturi ya kulificha: ami yake kijana alikufa ghafla miaka ishirini iliyopita, ukoo ukasema amerogwa, na habari ile ambayo ingemfaa mtoto wa ndugu yake ikazikwa pamoja naye.

Sasa nije kwenye zile dakika za mwanzo. Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, mchezaji Christian Eriksen alianguka muda mfupi kabla ya mapumziko, moyo wake umesimama. Dunia nzima ilikuwa ikitazama. Nahodha wake, Simon Kjær, alimkimbilia, akasaidia kumlaza vema na kuhakikisha njia ya pumzi iko wazi. Matabibu walipoanza kumkandamiza kifua, wachezaji wote wa Denmark walifanya duara kumzunguka, wakageuza nyuso zao nje, ili kamera zisimwone rafiki yao katika hali ile. Wengine walikuwa wakilia, lakini hawakuondoka. Kisha Kjær akamwendea mke wa Eriksen aliyekuwa ameshuka uwanjani, akamshika. Eriksen akashtuliwa moyo kwa mashine, akaamka. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata alirudi kucheza mpira Uingereza, akiwa amewekewa kifuani kidude cha kuulinda moyo.

Wakati huo nilikuwa nikitazama pamoja na vijana, na mmoja wao akasema, "Wenzetu wana mashine." Ni kweli, wana mashine. Lakini kazi ya kwanza haikufanywa na mashine. Ilifanywa na mikono ya watu, na mikono mnayo. Na lile duara la heshima halikununuliwa dukani. Huku kwetu mtu akianguka, watu humzunguka vilevile, lakini wamegeuza nyuso ndani, na simu zao juu wanapiga picha!

Afisa tabibu mmoja ninayemfahamu amenifundisha, nami nayaandika kama alivyonionyesha. Mtu akianguka, mwite, mtikise bega. Haitiki, wala hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma kama samaki aliyetolewa majini: hiyo si pumzi, moyo wake umesimama. Huenda akatetemeka kidogo, watu wakadhani ni kifafa. Msimmwagie maji, msimtie kijiko mdomoni. Mmoja apige simu na kutafuta gari. Mwingine apige magoti ubavuni kwake, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, anyoshe mikono, akandamize kwa nguvu hata kifua kizame kama sentimita 5, aachie kabisa, akandamize tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kazi ya kuchosha kuliko mbio, kwa hiyo mpokezane kila baada ya dakika mbili, wala msiache mpaka aamke au mganga afike. Kila dakika inayopita pasipo kufanya hivyo hupunguza matumaini ya kupona kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mkisubiri gari robo saa mkiwa mnampepea, hesabu wenyewe.

Siwalaumu vijana wetu. Hawakuwa wamefundishwa na mtu. Nayasema haya kwa sababu ya yule mwingine ambaye bado yu hai.

Nirudi kwa Salama, kwani habari zake hazijaisha. Bukhari amepokea kutoka kwake kwamba waliletwa maiti kwa Bwana Mtume ili awaswalie. Kila maiti aliuliza kama ameacha deni, na kama ameacha mali. Alipoletwa wa tatu, wakasema hakuacha mali, naye anadaiwa dinari tatu. Mtume akawaambia wamswalie wao mwenzao. Hapo Abu Qatada, yule yule mpanda farasi aliyesifiwa siku moja na Salama, akasema: Mswalie, ewe Mtume wa Mungu, deni lake liko juu yangu. Ndipo Mtume akamswalia. Mimi huona raha kwamba hadithi hii ya mpanda farasi tumeipata kwa ulimi wa mkimbiaji. Wale wawili walijua sifa za uwanjani ni nini, na Salama, alipotaka kutuhadithia habari ya mwenzake, alituhadithia siku aliyolibeba deni la maiti.

Rafiki yenu alikuwa na pikipiki ya mkataba. Mkataba haukwisha. Kila jioni mwenye pikipiki alikuwa akingojea fedha yake, na sasa amekuja kwa baba wa marehemu, mzee anayelima mpunga, ambaye hata karatasi ile hawezi kuisoma. Kuna na mkopo wa kwenye simu, kuna na mama ntilie aliyemkopesha chakula wiki mbili akiwa mgonjwa wa malaria. Ninyi mnayajua hayo kuliko wazazi wake. Fedha za fulana thelathini ni kiasi gani? Na mbuzi ni bei gani? Nilipowauliza hivyo walitazamana. Mmoja wao akasema, "Lakini Maalim, watu watasema hatukumfanyia kitu." Naam, watu watasema. Deni likilipwa kimya kimya hapana picha ya kuonyesha.

Na mama yake? Siku za matanga nyumba ilijaa. Sasa imebaki na ukuta. Bwana Mtume alipochinja mbuzi, miaka mingi baada ya kufa Bibi Khadija (r.a.), alikuwa akikata vipande na kuwapelekea wale waliokuwa mashoga wa Khadija, hata Bibi Aisha akaona wivu juu ya mtu aliyekwisha kufa. Kama mbuzi wenu ni lazima, basi mchinjeni nyumbani kwa mama huyo, mle pamoja naye, mmweleze vile mwanawe alivyokuwa akiwangoja waliochoka katika mbio. Mama hajui hayo. Yeye alimjua akirudi na matope, basi. Na yuko mdogo wake wa kike, yu kidato cha pili. Ada imefutwa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, daftari na chakula havikufutwa, na msichana wa kidato cha pili aliyefiwa na kaka mwenye kumletea daftari, katika nchi hii ya machimbo, huchukuliwa upesi na wenye fedha za siku moja.

Nimezungumza na vijana hao mara mbili tangu waliponijia. Mashindano yatakuwapo, nami sikuyazuia, ila fulana zimeachwa. Kila timu itatoa kiingilio, na kabla ya mchezo yule afisa tabibu atawafundisha wachezaji wote kukandamiza kifua, kwa kutumia gunia lililojazwa pumba za mpunga. Zile njumu jozi moja zimeletwa kwangu, nami nimezihifadhi pamoja na daftari ambamo tumeanza kuandika madeni ya marehemu. Mpaka leo ninapoandika yamo majina manne. Yeyote anayemdai, awe wa Kharumwa au wa kijiji cha mbali alikokuwa akipeleka abiria, na afike madrasani siku yoyote baada ya swala ya alasiri, akitaja kiasi na tarehe. Na aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye pia afike.